Fomu Inasema Saa 9, Mwili Unasema 66

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Mtwara, nina miaka 36. Muhula huu nina kozi tatu: moja ina wanafunzi 240, nyingine 95, nyingine 60. Nasimamia tafiti za wanafunzi 14. Kila Jumamosi nakwenda Lindi kufundisha kibarua katika chuo kingine. Natoka saa 11 alfajiri, narudi saa 2 usiku. Wananilipa shilingi 20,000 kwa saa, kwa saa nne; muhula uliopita walinilipa nusu. Nimejiandikisha shahada ya uzamivu na huu mwaka wa tatu sijavuka pendekezo la utafiti; msimamizi wangu yuko Dar es Salaam. Mume wangu yuko kazini Dodoma, mimi naishi na mtoto wa miaka minne na dada wa kazi. Mwezi uliopita nilipimwa presha kwenye duka la dawa nikaambiwa 148 kwa 94. Sauti inakauka kila ikifika Alhamisi. Lakini kilichonifanya niandike ni hiki: mwanafunzi aliingia ofisini analia, bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) halijatoka, hajala tangu jana yake. Nikamjibu "hilo halinihusu", nikaendelea kusahihisha. Sikuwa mtu wa hivyo. Sikukuu nilipokwenda Newala kwa mama nilikuwa mzima kabisa, nacheka, nalala. Fomu yangu ya mzigo wa kazi inaonyesha saa 9 kwa wiki, na rafiki zangu wa benki wananicheka: kazi ya saa 9 inakuchoshaje? Je, tatizo ni kazi au ni mimi? Niache?

JIBU: Marahaba, Mwalimu.

Nianze na presha, maana yenyewe haisubiri maelezo. Kipimo kimoja cha duka la dawa hakikufanyi mgonjwa wa shinikizo la damu, lakini 148 kwa 94 si namba ya kuifumbia macho. Mpaka ambao madaktari wengi hutumia ni 140 kwa 90, tena ikijirudia siku tofauti. Huenda uliingia dukani umetoka juani, umekaa kwenye stuli miguu inaning'inia, unaongea na muuzaji. Vyote hivyo vinapandisha. Pima upya ukiwa umetulia dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, bila kuongea. Pima mara mbili, asubuhi na jioni, siku saba. Na kama mgongo wa kusahihisha umekufanya uwe mteja wa diklofenaki au ibuprofeni, au unavuka usiku kwa vinywaji vya kuongeza nguvu, mwambie daktari atakayekuona. Dawa hizo za maumivu na vinywaji hivyo hupandisha presha, na walimu wengi niliowaona hawakuwahi kuulizwa.

Sasa fomu.

Nilichukua barua yako na kalamu nikafanya hesabu. Una wanafunzi 395 kwa jumla. Mtihani wa mwisho wa muhula, tuseme dakika 12 kwa kila skripti, na hiyo ni kasi ya mtu mwenye uzoefu: ni saa 79. Majaribio mawili, dakika 7 kwa kila karatasi: saa 92. Kusahihisha peke yake kunakula saa 171 kwa muhula. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kuwa kikomo cha kawaida cha wiki ya kazi. Maana yake ni kwamba katika muhula mmoja unafanya karibu wiki nne nzima za kazi ambazo hazimo kwenye fomu yoyote. Ukizigawa kwa wiki 17 za muhula zinakuja kama saa 10 kwa wiki. Ongeza saa 9 za mihadhara, 6 za semina, 12 za kuandaa vipindi, 7 za wale watafiti wako 14 (nusu saa kila mmoja, na unajua wapo wanaokaa saa nzima), 4 za vikao, 3 za makaratasi ya ithibati na ripoti. Jumla 51. Jumamosi ya Lindi ni saa 15 tangu unatoka mlangoni hadi unarudi. Tumefika 66, na uzamivu sijaugusa, wala mtoto.

Kwa hiyo rafiki zako wa benki uwasamehe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wao wanaona unaingia darasani saa 4 na kutoka saa 6, hawakuoni saa 5 usiku na kalamu nyekundu. Kinachonisumbua mimi zaidi ni kwamba fomu ya mwajiri wako nayo inaona kama wao. Inahesabu saa za mihadhara, basi. Nyingine 42 ni kazi isiyoonekana, na kazi isiyoonekana haina wa kuilipa, haina wa kuishukuru, wala haimpandishi mtu daraja. Ukiniuliza ni kitu gani katika mazingira ya kazi kinachoharibu maisha ya wahadhiri wa huku kwetu, nitaanza na hiki kabla ya joto, kabla ya intaneti, hata kabla ya mshahara.

Si maneno yangu tu ya uzee. Mwaka 1979 mwanasosholojia wa Marekani, Robert Karasek, alieleza kwamba kazi nyingi peke yake si lazima imvunje mtu. Kinachomvunja ni kazi nyingi ikiungana na uamuzi mdogo: unadaiwa sana lakini huamui lini, vipi, wala kwa kiasi gani. Huko Uingereza walipofuatilia watumishi wa serikali kwa miaka mingi, waliokufa zaidi kwa moyo hawakuwa wakubwa wenye ofisi zenye mazulia, kama watu walivyodhani. Walikuwa watumishi wa ngazi za chini, na sehemu ya sababu ilikuwa hiyo hiyo ya kukosa kauli juu ya kazi yao. Halafu mwaka 1996 Johannes Siegrist wa Ujerumani akaongeza jambo ambalo mhadhiri msaidizi hahitaji kufundishwa: mtu huumwa pale anapotoa jasho jingi na kinachorudi ni kidogo. Na kinachorudi hakuishii kwenye hela. Kuna heshima, na kuna matumaini ya kupanda na kutofukuzwa. Wewe unapimwa kwa machapisho na uzamivu ili uwe mhadhiri kamili. Jiulize, katika zile saa 51 ni ngapi zinazokusogeza huko? Nimezipitia mara mbili sikuiona hata moja.

Hapo ndipo anapoingia yule mwanafunzi wa bumu.

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililopitishwa mwaka 2019, limeitaja hali ya kuchakazwa na kazi, na likasisitiza kuwa ni jambo la kazini, si ugonjwa wa kuwekewa jina hospitalini. Dalili zake ni tatu: nguvu kuisha kabisa, moyo kujitenga na kazi na kuiona kwa dharau au ubaridi, na kuhisi huna unachofanikisha tena. Umenieleza zote tatu bila kujua. Ile ya pili ndiyo inayowatisha walimu wema kuliko zote, kwa sababu huja kwa sura ya ukatili. Wanafunzi wanaacha kuwa watu, wanakuwa skripti zenye miguu. Hukuwa katili siku ile, Mwalimu. Ulikuwa ndoo kavu, na mtu akaja kuchota.

Kuna jambo moja nililitafuta katika barua yako kabla ya kusema hayo: Newala. Aliyechakazwa na kazi, ukimtoa kazini kwa siku kadhaa roho inarudi, hata kama ni kwa muda. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, humfuata mtu hadi kwa mama. Chakula hakina ladha hata huko, usingizi haupo, na wakati mwingine huja mawazo kwamba heri asingekuwepo. Wewe ulicheka na ukalala. Siku Newala nayo ikipoteza ladha, usiniandikie tena mimi, nenda hospitali moja kwa moja ukaeleze hivyo hivyo, na usimung'unye maneno.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nimelijibu: ni kazi. Tuje kwenye Jumamosi, maana hapa nina ugomvi na wewe kidogo.

Umeniambia wanakulipa shilingi 20,000 kwa saa, saa nne, yaani 80,000. Nauli ya kwenda na kurudi 16,000, chakula 6,000, nyongeza ya dada wa kazi siku hiyo 10,000. Zinabaki 48,000 kwa saa 15, sawa na 3,200 kwa saa. Na bado hujasahihisha skripti 70 za huko, ambazo hawazilipii, na bado hujaniambia kama malipo ya muhula uliopita yamekamilika. (Uliandika "walinilipa nusu", ukapita haraka kama mtu anayepita mbele ya mdai wake.)

Kangomba unaijua kuliko mimi. Mkulima kabanwa na ada ya mtoto mwezi wa saba, korosho ziko bado mtini, anamuuzia mtu kwa bei ya kutupa. Minada inapofunguliwa Oktoba, wenzake wanapanga magunia yao ghalani na yeye anatazama, mali si yake tena. Wewe unauza Jumamosi zako kangomba. Unaziuza zikiwa mbichi, kwa kuwa una shida ya leo, na ulichoziuza ni zile saa za uzamivu ambazo ndizo zingekutoa kwenye daraja la mhadhiri msaidizi. Sikulaumu. Najua mikopo ya kausha damu imeingia hadi vyumba vya walimu, na mshahara ukishapita kwenye makato huwa haba. Lakini hesabu ile ya 3,200 uibandike mahali unapoiona.

Ipo sababu nyingine ya kuiacha Lindi, nayo ni ya kitabibu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio ya pamoja: wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ukiwalinganisha na wa saa 35 hadi 40, hatari yao ya kupata kiharusi iko juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17. Wewe uko 66. Ukitoa Jumamosi unashuka hadi 51, chini ya mstari ule, kwa uamuzi mmoja ambao hauhitaji kikao cha mtu yeyote. Maliza muhula, usiwatupe wanafunzi wa watu katikati, kisha usisaini mwingine. Ile nusu ya malipo idai kwa barua yenye tarehe, na ubaki na nakala. Wasipojibu, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, ila migogoro isiyo ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 60 tangu ilipozuka. Ukichelewa utalazimika kwanza kuomba kusamehewa ucheleweshaji. Nimeona wahadhiri wakidai miaka miwili kwa simu na salamu za Idi, mwishoni hawana karatasi hata moja.

Zimebaki 51, na tunataka 45. Hapa tunaingia ofisini kwa mkuu wa idara, lakini usiende na malalamiko. Mkuu wa idara naye amechoka, malalamiko anayo ya kwake. Nenda na daftari. Kwa wiki tatu andika kila nusu saa ya kazi, pamoja na ile ya saa 5 usiku, na uipange kwenye ukurasa mmoja. Niliwahi kufundisha katika chuo ambacho wahadhiri wawili walifanya hivyo, wakabandika ukurasa ule kwenye ubao wa matangazo wa idara karibu na ratiba, bila neno la ziada. Kilichofuata hakikuwa cha ajabu: mtu aliyekuwa na wasimamiwa wanne akaongezewa, na aliyekuwa na 19 akapunguziwa. Haikugharimu chuo hata shilingi. Wa 19, kwa taarifa yako, alikuwa mwanamke, na nadhani unajua kwa nini. Anayesikiliza vizuri ndiye anayepelekewa wanaolia.

Omba vitu viwili, usiombe kumi. Cha kwanza, wasimamiwa wako wagawanywe upya. Cha pili, ile kozi ya 240 ipatiwe mkufunzi msaidizi wa kusahihisha jaribio moja, au wakuruhusu jaribio moja liwe la maswali ya kuchagua majibu. Najua wapo wanaosema maswali ya kuchagua yanashusha hadhi ya chuo. Maswali ya insha yanayosahihishwa na mtu aliyelala kwa saa nne tu yanaishusha zaidi. Na hata zile insha zinazobaki, sahihisha swali kwa swali, usisahihishe skripti nzima kwa skripti nzima: swali la kwanza la wote, kisha la pili la wote. Kigezo kinakaa kichwani, kasi inaongezeka, na haki kwa mwanafunzi inakuwa bora pia.

Kuna saa zinazoibwa na mahali tulipo, na hizo mkuu wa idara hana dawa yake. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita, mvua ikakata barabara ya Dar es Salaam huko Somanga, na wiki iliyofuata kebo za baharini zikakatika, intaneti ikawa ya kuviziwa usiku. Aliyekuwa na msimamizi wa uzamivu Dar es Salaam, kama wewe, alipoteza mwezi. Umeme nao unaufahamu. Kwa hiyo makala unazozihitaji zipakue zote siku mtandao uko vizuri, na mtumie msimamizi wako kurasa kumi kila mwezi hata kama ni mbaya. Pendekezo lililokwama miaka mitatu mara nyingi halijakwama kwa ugumu. Linasubiri siku ya utulivu ambayo haipo. Hizo Jumamosi utakazozikomboa, mbili kwa mwezi ziwe za pendekezo. Nyingine mbili ni za mtoto, na hizo usiziweke kwenye daftari.

Sauti ni jambo dogo lakini usilidharau. Kumbi nyingi za huku zina paa la bati, na kuanzia Novemba joto na unyevu vinakufanya upaze sauti juu ya feni na juu ya watu 240. Kipaza sauti kidogo cha kuvaa kiunoni si anasa kwa mwalimu, ni chombo cha kazi kama jembe kwa mkulima. Maji madogo madogo kila baada ya muda, na acha kukohoa kusafisha koo kila mara, kunakwaruza zaidi. Kunong'ona nako hakupumzishi sauti. Ukikaa wiki tatu au nne mfululizo sauti haijarudi, umwone daktari wa masikio, pua na koo.

Kuhusu mume wako sina mengi, hukuniuliza. Nitasema tu kwamba ukifungua dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima ubora wa maisha, lenye maswali 26, utakuta limegawa mambo mafungu manne: mwili, nafsi, uhusiano na watu, na mazingira unamoishi, ikiwemo fedha na usafiri. Fungu la tatu hapo kwako linategemea basi la Dodoma. Ombi la uhamisho, lake au lako, linastahili kuandikwa mwaka huu badala ya kuzungumzwa kwenye simu kila Jumapili. Na likizo yako ya mwaka, siku 28 kwa sheria, uichukue kwa mkupuo. Wahadhiri wengi huandika wako likizo na huku wanasahihisha mitihani ya marudio.

Niache? Uliuliza hilo mwishoni kabisa, kwa neno moja, nami nadhani ndilo ulilotaka kuuliza tangu mstari wa kwanza. Sasa hivi, hapana. Mtu asiamue jambo la miaka 20 akiwa amelala kwa saa nne tu. Acha Lindi kwanza, pumzika siku 28, peleka daftari. Kama baada ya muhula mmoja mkuu wa idara ameuona ukurasa wako na hakuna kilichobadilika hata kimoja, tutaongea tena kuhusu kuondoka, na sitakuzuia.

Yule binti mtafute wiki hii. Si lazima umpe hela. Mwombe radhi, kisha mpeleke wewe mwenyewe kwa mshauri wa wanafunzi na kwa afisa mikopo, maana wakimwona na mhadhiri wake hawatamwambia arudi kesho. Itakuchukua nusu saa. Iandike kwenye daftari, ni kazi.

Presha anza kupima Jumatatu, kabla ya kipindi cha kwanza. Niandikie vipimo vyote vya siku saba kama vilivyo, usinipe wastani.